Mafuta ya Cherehani Kwenye Vidole

Asubuhi fundi alishindwa kufunga kifungo cha blauzi yake mwenyewe. Ameshona vifungo miaka ishirini na mbili. Vya mashati, vya magauni, vya makoti. Leo kimoja kimemshinda.

Mumewe aliweka kikombe chini. Akaja kumfunga, taratibu.

"Vidole vimekaza tena?"

"Vitalegea. Vikipata joto vinalegea."

"Jana ulisema hivyohivyo."

"Na jana vililegea."

"Saa tano."

Fundi aliinuka. Siku haijaanza na yeye ameshachoka.

Chumba cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, kinatazama barabara. Cherehani ya dirishani ilikuwa ya fundi. Ya mlangoni ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia, na chini yake kapu la vipande vya vitambaa.

Ukutani ulining'inia mkasi mkubwa wa chuma. Fundi aliachiwa na baba yake, ambaye naye alikuwa fundi. Mule chumbani, anayekata ndiye fundi. Mwingine anashona kilichokatwa. Wifi alishona vizuri sana, ila koti hajawahi kukata.

Fundi alishusha mkasi. Akaingiza vidole. Kidole gumba kikagoma, kimevimba pale chini kama kuna mbegu ndani. Akajaribu kwa mikono miwili. Kitambaa kikaenda upande.

"Wifi, unakata koti au unafyeka nyasi?"

"Subiri."

"Nasubiri mwezi wa tatu huu. Nipe huo mkasi, hukufunga nao ndoa."

Walizoea kutaniana hivyo, na fundi akacheka kidogo. Lakini lile neno likamkaa. Akishindwa kukata, atakuwa nani humu ndani?

Akachukua kikopo cha mafuta ya cherehani. Akadondosha matone kwenye vidole, akasugua.

"We wifi, unafanya nini?"

"Cherehani ikilia tunafanyaje?"

"Tunatia mafuta."

"Basi. Na mimi nalia."

Alifanya hivyo wiki mbili. Ngozi ya vidole ikaanza kuwasha na kubanduka. Pia alinunua dawa kwa mchuuzi aliyepita barabarani. Ulikuwa unga wa kahawia kwenye kimfuko cha plastiki, hauna jina wala tarehe. "Hii Ayurveda, mama. Kijiko kimoja asubuhi, maungo yanakuwa mapya." Siku tatu za kwanza maumivu yalikata kabisa. Fundi akafurahi. Halafu uso ukaanza kujaa, usingizi ukapotea, na vidole vikarudi palepale.

Siku moja mteja alikuja kuchukua koti lake jeupe. Alikuwa mama mtu mzima, tabibu wa Ayurveda kwenye kliniki ya mtaa wa pili. Alilikunjua koti mezani. Kwenye kola palikuwa na alama nne za vidole, nyeusi nyeusi.

Wifi akageuka kuangalia dirishani.

"Nisamehe, mama," fundi alisema. "Ni mafuta ya cherehani."

"Ya cherehani yangefika kwenye kola?"

Fundi akaficha mikono chini ya meza. Wifi akashindwa kuvumilia.

"Anajipaka, mama. Anasema yeye mashine."

Tabibu hakucheka. Alivuta kiti, akakaa. "Nionyeshe mkono, mwanangu."

Aliushika kama mtu anayeshika yai. Akabonyeza chini ya kidole gumba. Fundi akafumba macho.

"Mafuta haya ni ya chuma. Ngozi haiyataki, na kwenye kiungo hayafiki. Na uso huu? Umekula nini?"

Fundi alitoa kile kimfuko. Tabibu alikigeuza mara mbili, akakirudisha.

"Mimi ndiyo kazi yangu Ayurveda. Ni elimu ya tiba ya zamani, kutoka India. Lakini hii siijui. Dawa isiyo na jina inaweza kuwa na madini ya risasi ndani, ambayo ni sumu, au dawa kali ya hospitali iliyofichwa humo. Ndiyo maana maumivu yalikata ghafla, ndiyo maana uso umejaa. Leo hii nenda hospitali na hiki kimfuko. Waambie umekula siku ngapi. Wao ndio watakwambia uache vipi."

"Nilidhani utanipa dawa wewe."

"Nitakusaidia. Lakini kwanza tujue ni ugonjwa gani. Wewe unakata nguo bila kupima?"

Fundi alitikisa kichwa.

Mchana huohuo mumewe alimpeleka. Benchi la kusubiri lilikuwa refu, na fundi alisinzia ameegemea bega la mumewe. Wakampima damu, wakampiga picha ya mkono. Daktari akamweleza pole pole. Kuna ugonjwa ambao mwili unajishambulia wenyewe kwenye viungo. Huo unataka dawa za hospitali, na si za kuachaacha. "Wako si huo. Kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini kinaitwa gegedu. Lako limelika."

"Kama bitana, kitambaa cha ndani ya koti," fundi alisema. "Bitana ikilika, koti linakwaruza."

"Hasa. Bitana mpya hatuna. Ila maumivu tunaweza kuyapunguza."

Alipangiwa namna ya kuacha ule unga, na siku ya kurudi kupimwa. Uso ulipotulia, akaenda kwa tabibu na karatasi za hospitali. Tabibu alizisoma zote.

"Mafuta tutatumia, ila ya ufuta. Yapashe yawe vuguvugu tu. Sugua mkono taratibu asubuhi, kisha utumbukize kwenye maji ya moto ya kuvumilika, dakika kumi. Siku ukiona kiungo chekundu na kina moto, usisugue. Kipumzishe."

"Na chakula?"

"Kula chakula cha moto, kwa wakati wake. Tangawizi na manjano weka kwenye mboga, kiasi cha kupikia. Vidonge vyake usinywe bila kumuuliza daktari, hasa mtu anayetumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Fungua na kufunga vidole polepole, mara kumi, asubuhi na jioni. Na upumzike kabla hujachoka."

"Nitapona?"

"Hutapona kabisa. Utapata nafuu. Nafuu si haba."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, na njia aliiona ndefu.

Wiki ya kwanza hakuona kitu. Wiki ya pili alitaka kuacha. Mumewe ndiye aliyepasha mafuta kila asubuhi, bila kusema sana. Wiki ya sita, kifungo kikaingia kwenye tundu lake. Alikaa kitandani akikitazama.

Siku hiyo alichukua vipande laini kwenye kapu, akavizungusha kwenye mishiko ya mkasi mpaka ikawa minene. Akakata koti la kitambaa chepesi. Kila baada ya mistari michache aliweka mkasi chini, akanyoosha vidole.

Kisha akatandaza kitambaa kizito mezani, akachora kwa chaki.

"Wifi, njoo. Hiki kata wewe. Mimi nakuonyesha."

Wifi alisimama akiwa hajui aweke wapi mikono. Akaushika mkasi.

"Mishiko gani hii? Umeuharibu."

"Sijauharibu. Nguo inakatwa kwa kipimo cha mtu. Na kazi pia. Shika hapa. Usivute kitambaa."

Wifi akakata. Fundi alikaa kwenye kiti, mikono yake juu ya mapaja, ikinukia ufuta. Bado iliuma kidogo.

"Pinda," alisema. "Hapo pinda, wifi. Usifyeke."