Mama Yangu Kwenye Ukuta wa Métro

— Florent, soma pale juu.

— Ni Kihispania, chérie.

— Weye njo ulichora, sasa unashindwa kusoma?

Florent akatazama viatu vyake. Walikuwa wamesimama kwenye mlango wa métro ya Porte de Namur, watu wanawapita huku na huku na mifuko ya majani ya pondu na samaki wa chumvi. Ukutani kulikuwa na affiche mpya, kubwa kama mlango wa gereji: mwanamke mzee, kitambaa kichwani, ameshika kisimu kidogo. Ilikuwa ni réclame, tangazo la kadi za kupigia simu Bolivia na Ecuador.

Antoinette alikuwa amefanya kazi za nyumbani Madrid kabla ya kufika Brussels. Kihispania alikijua vizuri. Akasoma kwa sauti, kisha akageuza:

— "Ikilia mara tatu, mama yuko muzima."

Florent akamshika mkono waondoke.

— Ni mama ya nani huyo, Florent?

— Antoinette, tuende nyumbani, nitakueleza.

— Nieleze hapa. Mama yangu bamemuweka hapa, basi nieleze hapa!

Kule Likasi mama yake Antoinette hakuwa na unités za kupiga simu. Kila Jumapili baada ya misa alibip: simu inalia mara tatu, anakata. Maana yake, mwanangu, niko muzima, usihangaike. Antoinette hakupokea kamwe, alicheka tu na kuendelea kupika. Halafu Jumapili moja simu haikulia. Alikaa nayo mkononi mpaka sufuria ikaungua. Mimi ninayewasimulia, niliyezika mke wangu katika inchi hii, naijua ile kimya. Jambo hilo Antoinette alimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Florent.

— Ulibapatia lini?

— Siku ya entretien, ile ya kuomba kazi.

Siku hiyo walikwenda wote wawili. Ilikuwa agence Girasol, kule Auderghem, inatengeneza réclame za Walatino wa Ubelgiji na Hispania. Florent anachora, Antoinette anatunga maneno. Walipanga waingie pamoja, watoke pamoja. Lakini mkubwa, Monsieur Arnaud, akasema nafasi ni moja, na mtu asiye na diplôme asubiri kwenye korido. Vile njo wanafanya. Wanaona watu wawili wanapendana, wanatupa mfupa mmoja katikati, halafu wanarudi kwenye kahawa yao.

— Aliniambia michoro ni mizuri lakini haina roho, Florent akasema. Akasema, nipe kitu kilichotoka kwenye maisha ya kweli, ao basi.

— Kwako hakukuwa na maisha?

— Niliogopa kurudi kubeba mizigo kwenye entrepôt, Antoinette. Nikafungua mdomo, kikatoka kile.

— Na miye nilikuwa pale kwenye korido, nakuombea Mungu! Nilikuuliza, ulibaambia nini mpaka bakakuchukua? Ukanijibu nini?

— Nikasema... dessin tu, michoro tu.

— Dessin tu. Mama yangu ulimufanya CV yako.

Akashuka ngazi za métro peke yake. Florent alibaki chini ya ile affiche, na watu wakimwona anavyofuta macho wakadhani ni upepo.

Hakulala vizuri wiki ile. Kazini akiinua kalamu anaona uso wa mama mkwe ambaye hakuwahi kukutana naye. Na Jumamosi ilikuwa dot, siku ya kupeleka mahari kwa kina Antoinette. Akaandika SMS:

"Nimekukosea, sina neno. Jumamosi nikuye ao nisikuye?"

Jibu likachelewa sana.

"Kuya. Tonton Hénock alishaalika batu."

Ijumaa akampigia Arnaud.

— Monsieur Arnaud, ninaomba ile affiche itolewe.

— Itolewe? Mon vieux, mteja anaipenda! Itakwenda mpaka Madrid.

— Wazo si langu. Ni la fiancée wangu, yule Antoinette mliyemwacha kwenye korido.

— Ah, yule? Basi mwambie merci.

— Merci peke yake?

— Florent, wazo likiingia humu ndani ni la agence. Donc, Jumatatu nataka la pili. La baba safari hii. Baba yako yuko hai?

Florent alikata simu. Hakurudi Auderghem tena. Na mkubwa? Mkubwa alikula chakula chake cha mchana kama kawaida. Sisi watu wa Katanga kwao tumekuwa mgodi hata tukiwa hapa: wanachimba, wanapakia, shimo linabaki letu.

Jumamosi, nyumba ya Tonton Hénock kule Schaerbeek ilijaa. Yeye ndiye mjomba wa Antoinette, kaka wa marehemu mama yake, ndiye wa kupokea dot. Florent alikaa na suti yake, amefunga mdomo, maana siku hiyo bwana harusi hasemi, anasemewa. Vinywaji vikawekwa mezani. Tonton akashika chupa ya kwanza; ikifunguliwa, dot imekubaliwa.

— Antoinette, mutoto ya dada yangu. Hii kinywaji ya batu hawa, tufungue ao tusifungue?

— Ngoja, tonton. Florent aseme kwanza.

Watu wakaguna. Maman Marie-Jeanne, mke wa tonton, akasema:

— We mutoto! Tangu lini muchumba anasema siku ya dot?

— Leo atasema, maman.

Florent akasimama. Akasema yote: korido, woga, Jumapili, mara tatu. Hakujificha nyuma ya jina la Arnaud. Alipomaliza, Tonton Hénock aliiweka chupa chini polepole.

— Ile affiche ya mwanamke na simu?

— Ndiyo, tonton.

— Nilipita pale jana. Nikasema, hawa Walatino nao bako na bamama bazuri.

Akafunika uso kwa mikono.

— Niliacha ile kazi, Florent akasema. Antoinette, niliacha.

— Nani alikutuma uache? Unafikiri ukiacha kazi, mama anashuka kwenye ukuta?

— Hapana.

— Basi usiniletee kazi kama zawadi.

Tonton akainua kichwa.

— Mutoto, nakuuliza tena. Tufungue?

— Tonton, nampenda huyu mwanaume. Mbele yenu nasema, nampenda, na najisikia vibaya kumpenda. Lakini mama alikufa sina papiers za kusafiri, sikwenda kuzika. Hapa sikuweka hata kiti cha matanga. Nililia kwenye choo cha kazi, nikaendelea kufagia. Leo batu bako hapa, chakula kiko. Leo hakuna dot. Leo tufanye matanga ya mama.

Hakuna aliyebisha. Tonton akavua kofia. Wanaume wakasukuma viti ukutani, mtu akazima muziki. Wanawake wakavua hereni, wakakaa chini kwenye zulia, na wimbo wa kanisa ukaanza taratibu.

Florent akavua koti la suti. Hakujua aende wapi, akakaa karibu na mlango, magoti kifuani. Akaanza kulia kwa sauti, bila haya.

Maman Marie-Jeanne akamwinamia Antoinette.

— Na ule pale, tumuweke wapi? Wageni banakula inje, bafiwa banakaa na sisi.

Antoinette akamtazama Florent. Kisha akasogea, akaacha nafasi kidogo kwenye zulia.

— Ni mufiwa, maman. Akuye akae. Mambo ya muchumba, ataniuliza upya matanga ikiisha.