Lori la Dawa ya Sukari

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka oili chafu na soksi za Nyundo. Mwalimu alikuwa anatafuna kuku, mafuta yakimchuruzika hadi kiwikoni, na kwa kidole chenye mafuta hayohayo akachora barabara juu ya meza. Zamani alifundisha ugavi chuoni. Siku hizi alifundisha wezi, na kusema kweli wezi walimsikiliza zaidi.

"Ghala lina walinzi. Hospitali ina walinzi. Katikati kuna nini?"

"Lori," alijibu Gia, dereva wao.

"Lori moja. Msambazaji mmoja. Akiba hawaweki, eti wanabana matumizi. Mnyororo wa ugavi ukitegemea pete moja, mwenye nao ameshajichinja. Tunachukua insulini yote, tunaifungia kwenye banda langu la bati wiki mbili. Mji ukianza kulia, tunauza kwa bei ya kilio."

Nyundo, mtu wao wa ngumi, alicheka na kuku mdomoni.

Gia hakucheka. Mama yake alikuwa na sukari, hujidunga dawa hiyohiyo kila siku, na huichukua hospitali hiyohiyo.

"Bati, Mwalimu? Dawa hiyo haitaki joto. Itaharibika."

"Itaharibika, lakini kwa macho huoni. Mteja atajuaje?"

"Na akishajidunga?"

Mwalimu alilamba kidole. "Huyo yuko mwisho wa mnyororo, mdogo wangu. Sisi tuko katikati."

Kuna watu ukiwasikiliza unatamani kunawa masikio. Gia alipiga hesabu. Akijitoa, wangetafuta dereva mwingine, na mama angejidunga uozo uleule. Akachukua glavu zake.

Saa nne. Kituo cha mafuta.

Dereva wa lori, mzee wa watu, alitoa ufunguo bila ubishi. Nyundo akampiga hata hivyo, kwa raha zake tu, akaendelea hata mzee alipoacha kujikinga. Wakamfungia chooni, shavu kwenye sakafu ya mikojo. Gia alivaa kofia ya mzee. Ilikuwa bado ina jasho la mwenyewe.

"Polisi wa kizuizi cha barabarani wakiona sura tatu mbele watauliza maswali," alisema Mwalimu. "Mimi na Nyundo tunakaa nyuma na mzigo. Na hiyo mashine ya baridi usiiwashe, nina kifua."

"Sawa, Mwalimu."

Gia alifunga mlango, akashusha komeo la nje.

Saa nne na nusu. Njia panda.

Kushoto, banda la bati. Kulia, hospitali, na kituo cha polisi kinachotazamana na lango lake. Kulia pia kulikuwa na jela yake mwenyewe, hilo alilijua. Akawasha mashine ya baridi, akakata kulia.

Simu ikaita. Mwalimu, kutoka nyuma.

"Gia, mbona baridi?"

"Dawa haitaki joto."

"Acha upuuzi. Unatupeleka wapi?"

"Mwisho wa mnyororo, kaka."

Yakafuata matusi, ya mama yake yakiwemo. Kisha sauti ikalainika, ikawa ya kunong'ona. "Sikia, tugawane wawili. Nyundo tunamtosa."

Nyundo alikuwa amekaa ubavuni pa Mwalimu, kwenye boksi lilelile.

Huko nyuma simu ilianguka. Mpaka langoni, bodi ya lori ilidundwa kutoka ndani.

Polisi walipovuka barabara, Gia alianza na habari za mzee aliyefungiwa chooni, kisha ndipo akawafungulia komeo. Mwalimu alitoka akitambaa, anatema meno na kuku wa asubuhi. Nyundo alitoka nyuma yake akipuliza vidole.

"Nilikosea wapi?" Mwalimu aliuliza, kana kwamba bado yuko darasani.

"Ulikuwa na dereva mmoja," Gia akamjibu.

Mfamasia wa hospitali alisoma kipimajoto cha lori, akatikisa kichwa kukubali, na maboksi yakaanza kuingizwa ndani. Kesho mama angejidunga dawa safi, kisha angeletewa habari za mwanawe.

Gia alitoa mikono ifungwe pingu. Aliomba kunawa kwanza. Hakuna aliyemletea maji.