Wifi Ndiye Aliyekuwa Akinitafsiria Ndoto za Marehemu

Gauni la harusi nililolipakata lilikuwa la mwanamke anayeolewa na mwanaume wangu... na mimi ndiye niliyepewa nilimalizie!

Subirini niwaeleze.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, akaniachia watoto, na tangu hapo namwota. Anasimama mlangoni, kanipa mgongo. Haongei. Naamka mto umelowa machozi.

Wa kumsimulia alikuwa mmoja tu: wifi yangu, mdogo wake marehemu. Kila asubuhi kabla sijafungua kibanda, nishapita kwake.

Mwaka jana akajitokeza seremala mmoja wa pale kona, naye kafiwa na mke. Mpole, mchapakazi, utani mwingi. Nikampenda jamani, nisiwadanganye. Akanivisha pete.

"Wifi, nimemwota tena."

"Kakupa mgongo?"

"Ndiyo."

"Basi kaka kakasirika. Hataki uolewe. Ukimkaidi, balaa litawaangukia wanao."

Wanangu?! Nilimrudishia seremala pete siku hiyohiyo. Akaniuliza kosa lake, nikabaki kulia tu.

Sasa Jumanne hii, fundi mwenzangu wa mtaa wa pili alizidiwa na kazi. Sisi mafundi ndivyo tunavyosaidiana. Akaniletea gauni jeupe lililokwisha kukatwa, na kikaratasi cha vipimo. Jina halikuwepo.

Nikasoma. Kifua thelathini na nane. Kiuno thelathini na moja. Bega la kushoto, shusha nusu inchi.

Mkasi ukanidondoka!

Mwili huo nimeushonea miaka minane. Bega hilo lilivunjika utotoni, likaunga vibaya. Ni la wifi yangu!

"Bibi harusi huyu anaolewa na nani?" nikamuuliza mwenzangu.

"Si yule seremala wa pale kona! Wanafunga ndoa Jumamosi."

Nilifika kwa wifi na gauni mkononi, nahema.

"Hili ni lako?"

Akaliangalia. Akaniangalia mimi. Hakukana.

"Ulimwacha mwenyewe," akasema.

"Nilimwacha kwa sababu yako! Ulisema kaka yako kakasirika!"

"Ningejuaje mimi kama kakasirika?" akapaza sauti. "Kila asubuhi unakuja hapa, nimemwota, nimemwota! Mimi tumbo moja naye, na hajanijia hata siku moja!"

Miaka yote hiyo nilikuwa nampelekea kilio changu, kumbe yeye anakihesabu kama majivuno.

Nikampigia seremala, nikamweleza yote.

"Fundi," akasema taratibu, "nilikuomba sababu, ukaninyima. Sasa nimeshatoa neno langu kwa mwenzako."

Akakata simu.

Gauni nililirudisha bila kulitia hata sindano.

Jana Ijumaa mchana, nani anaingia kibandani kwangu? Wifi! Macho mekundu.

"Wifi... nimemwota kaka."

Nikaendelea kukanyaga cherehani.

"Alikuwa analia. Na kesho ndiyo harusi yangu... Ina maana gani?"

Jamani, neno moja tu! Ningesema "hataki," harusi ingevunjika palepale. Lilifika hadi kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa tamu.

"Ina maana umemkumbuka kaka yako," nikamwambia. "Basi. Hata ndoto zangu zilikuwa na maana hiyohiyo, na wewe ulijua."

Akalia hadi akakaa chini. Sikumbembeleza. Nilimwomba anipishe, nilikuwa na sare za shule za kumalizia.

Wewe unayesoma, ukimwota uliyempoteza, lia, mwombee, kisha amka ukafanye kazi zako. Ukitaka mtu akupe maana ya ndoto yako, jua kwanza yeye mwenyewe anataka nini.

Leo wameoana. Wifi sijamsamehe, na msinilazimishe kwenye komenti.