Kioanishi cha Wodi ya Saba

Ndani ya Kioanishi, mashine ya kuoanisha dawa, vipande vya uvimbe wa Makoye viliishi katika vijitundu elfu vya kioo. Kila kijitundu kilitiwa mchanganyiko wake: dawa ya kisukari, dawa ya minyoo, utomvu wa magome ya mwarobaini, vyote vikiungana na dawa kali ya saratani iliyozoeleka. Pale seli zilipokufa upesi, mashine ilichagua mchanganyiko huo na kuupeleka moja kwa moja kwenye mshipa wa mgonjwa. Daktari Nyamizi ndiye aliyeiunda. Makoye alikuwa kaka yake.

Uvimbe ulianza kunywea. Hospitali nzima ya Dodoma ilishangilia.

Kisha Makoye akamwita. "Mdogo wangu, hebu nitazame macho. Nesi anasema yamekuwa manjano."

Nyamizi aliyatazama, halafu akaitazama mashine. Iliandika: *Endelea.*

"Bado kidogo tu, kaka. Uvimbe unakufa."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Alifariki wiki hiyohiyo. Walipompasua, uvimbe ulikuwa umebaki kama punje ya choroko, lakini ini lilikuwa limekwisha kabisa. Kila dawa peke yake ini lingeistahimili, lakini zilipokutana zililiteketeza. Kioanishi hakikuliona hilo, kwa sababu Nyamizi alikifundisha kutazama uvimbe peke yake. Siku ile ya mauti, kwenye kioo chake kiliandika: *Matibabu yamefaulu.*

Baada ya mazishi alirudi wodini. Bibi Kabula, mwenye saratani ya titi, alikuwa akipewa na mashine hiyo mchanganyiko uleule. Nyamizi akaketi kitandani pake, akamweleza yote bila kuficha.

Bibi Kabula aliuliza, "Ukiizima, nitaishi?"

"Si kwa muda mrefu, mama."

"Na ukiiacha?"

"Sijui. Na mashine haijui."

"Kaka yako ulimwambia hivyo?"

Nyamizi alitikisa kichwa kukataa. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Basi mimi umeniambia," alisema yule mama. "Punguza, usizime. Na damu yangu uipime wewe mwenyewe, kila asubuhi."

Nyamizi akapunguza dozi kwa nusu, akafunga mpira mkononi mwa Bibi Kabula na kutafuta mshipa wa kutolea damu. Hakujua kama alikuwa anamponya, au anamuua taratibu zaidi kuliko alivyomuua Makoye.