Aliyesimama Nyuma ya Gari

Gari lililia, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, na mwalimu Sabina alikuwa akirudi nyuma kutoka barazani kwenda getini. Ti, ti, ti. Akakanyaga breki, akashuka kutazama. Hakuna kuku, hakuna ndoo, na mwanawe Upendo alikuwa ndani amelala. Akapanda tena, akarudi kidogo, mlio ukaharakisha.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi. Mzungu mmoja wa visima vya gesi alipomaliza mkataba wake, mwaka 2006, alimwachia Gideoni, mume wa Sabina, ofisa wa bandari. Na Gideoni, Mungu amsamehe, tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kwao pale Mangamba akapewa maji kabla ya kupewa darasa.

"Unaviona hivi vifungo vinne kwenye bampa? Hizi ni sensa, za kuhisi kilicho nyuma. Zinapiga sauti nyembamba mno, sikio lako haliipati. Ikigonga kitu inarudi, gari linapima imechukua muda gani kurudi, basi linajua kitu kiko umbali gani. Ukikikaribia, mlio unaharakisha. Ukikaribia kukigusa, unalia mfululizo." Kisha anamvuta mgeni mpaka mbele. "Huku sasa ni rada. Hii ni ya barabara kuu. Inatumia mawimbi ya redio, inalipima gari lililo mbele yako hata kwenye mvua." Mgeni anaitikia tu, koo limemkauka.

Kwa hiyo siku ile Sabina hakuogopa. Alidhani ni vumbi, akazifuta sensa. Kesho yake likalia tena. Fundi akalijaribu barabarani, zima. Kanisani, zima. Uwanjani kwake tu ndiko lilikolia, na kila siku lilianza kulia mapema zaidi. Kwanza lilikuwa likilia karibu na geti. Halafu katikati ya uwanja. Siku ya Alhamisi alitia gia ya kurudi tu, hata gurudumu halijazunguka, likalia mfululizo.

Ijumaa halikulia kabisa. Gideoni akafurahi, akasema unaona, lilikuwa vumbi. Sabina aligeuka akautazama mlango wa nyumba, ambao walikuwa wameuacha wazi.

Jioni ile harufu ya matope ya mto ikaanza kutembea chumba kwa chumba. Upendo akaja jikoni akamwambia mama yake kwa sauti ya chini kwamba yule babu mwenye maji amekaa kwenye kiti cha baba. Sabina akaenda sebuleni huku akijiambia ni maneno ya mtoto, akakuta kiti kimelowa, na akiwa bado amekishika akasikia ukutani kitu kinakwangua, taratibu, kwa kucha, punje za lipu zikidondoka sakafuni moja moja, akaunyoosha mkono akaugusa ukuta, na ukuta ulikuwa wa vuguvugu, ukijaa na kushuka chini ya kiganja chake kama tumbo la mtu aliyelala.

"Tuhame, Mama Upendo," Gideoni alinong'ona walipokuwa wamejifungia chumbani na mtoto katikati yao. "Nitaomba uhamisho. Nyumba tuiache."

"Nyumba hii nimemwagilia matofali yake nikiwa na mimba ya huyu mtoto," Sabina akasema. "Siihami. Kama kuna wa kuondoka, siye mimi."

Akamfunika mtoto shuka, akalala upande wa mlango.

Wakamfuata Bibi Mwajuma, mganga wa Mahurunga, kule kando ya mto Ruvuma, anayejua majini wa mtoni. Bibi alifika Jumapili mchana, akakwangua lipu kidogo kwa ukucha, akainusa.

"Mchanga huu mlichota wapi?"

Gideoni akaangalia viatu vyake. "Kwenu kulekule, mtoni. Nilikwenda na lori mwenyewe. Palikuwa na mti, chini yake pamefagiliwa vizuri, mchanga safi hauna jani. Na unga kidogo, nikadhani kuna mtu kaumwaga."

"Pale tunafagia ili tumwekee unga mwenyewe wa pale," Bibi akasema polepole. "Hatumfagilii mwenye lori. Sasa amekuja kudai mchanga wake, na mchanga umo ukutani. Muubomoe, au mumwachie nyumba."

"Au?" Sabina akauliza.

"Au atolewe, mwanangu. Ndani nitamfukiza, atatoka. Lakini akishafika uwanjani simwoni, na nisipomwona atanizunguka arudi."

"Mimi nitajua alipo," Sabina akasema, akachukua ufunguo.

Akaliegesha gari pua ikiwa barazani, matako yakielekea getini, akatia gia ya kurudi, akangoja mguu ukiwa kwenye breki. Bibi Mwajuma akaanza chumba cha nyuma na chetezo cha ubani, akija mbele. Majirani walikuwa wamejaa ukutani mwa uwanja. Baraza ikatoa upepo wa tope, kitu kikapita ubavuni mwa gari kikiacha vioo vimefunga ukungu. Kisha gari likalia, mfululizo.

Sabina akashusha kioo.

"Mchanga tuliuchukua bila kujua. Unga nitakuletea kule kwako kila mavuno, mimi mwenyewe. Lakini hapa ni kwangu. Toka."

Akaachia breki. Gari halikwenda. Akakanyaga mafuta, magurudumu yakachimba, nyuma ya gari ikazama kama imepakiwa magunia ya korosho, bampa likaanza kubonyea lenyewe bila kuguswa na kitu, na maji ya tope yakachuruzika kwenye kioo cha nyuma kutoka mahali pasipo na maji, na masikioni mwake, juu ya mlio ule usiokatika, sauti nzito ikawa inamtaja jina lake la utotoni, lile ambalo hata Gideoni halijui, ikimwambia teremka, teremka upumzike, na miguu ikafa ganzi, na machozi yakamtoka, na alivyolia ndivyo alivyozidi kukanyaga. Gari likasogea. Bibi Mwajuma alitembea ubavuni, akifukizia ubavu kila mlio ulipolegea, asije akawazunguka, mpaka wakavuka geti. Hapo mlio ukapungua, ukakatika. Bibi akamwaga mstari wa unga getini, akaketi chini kwa uchovu.

Usiku ule walilala, wote watatu.

Jumatatu asubuhi Sabina akawasha gari kwenda shule, Gideoni kando yake. Uwanja ulikuwa kimya. Walipoukaribia mstari wa unga kinyumenyume, gari likalia.

Gideoni akajikunyata. "Yuko nje, anangoja. Tuliuze hili gari, Sabina. Nitakununulia jingine lisilo na sensa. Tusimsikie tu."

"Tusipomsikia atakuwa amekwenda wapi?" Sabina akamuuliza. "Gari haliuzwi. Maadamu naishi hapa, nataka kujua amesimama wapi."

Akapiga honi, akaendelea kurudi nyuma kuelekea nje. Mlio ukaharakisha, ukaharakisha, ukawa mfululizo, na Sabina hakupunguza mwendo. Mara gari likanyamaza. Aliyesimama pale alikuwa amempisha.