Mkono wa Kushoto wa Thaddeus

Ozella alikuwa akipiga pasi sebuleni, ghorofa ya nne pale Harlem, vibonye vya piano vilipoanza kuzama vyenyewe. Ilikuwa piano ya kujipiga, ya kulishwa karatasi yenye matundu, lakini siku hiyo haikuwa na karatasi. Na vilizama vya upande wa kushoto tu.

"Thad," alimwita mumewe kwa sauti ya chini, "njoo uone."

Thaddeus Gaines alitoka bafuni na povu shavuni. Noti nzito ya besi, kisha noti kadhaa kwa pamoja, besi tena, noti tena, kama mtu anayevuka kijito kwa kurukia mawe. Machozi yakamtoka.

"Ni Cornelius."

Mzee Cornelius, mwalimu wake, walimzika majuma matatu nyuma, kifua kikuu kimemuua. Upigaji wa mkono wake wa kushoto hakuna mpiga piano wa mtaa aliyewahi kuuiba. Alikufa nao, mchoyo yule.

Wapiga piano wa Harlem hujifunza hivi: unapunguza mwendo wa karatasi, unaweka vidole juu ya vibonye vinavyozama, unavifuata. Thaddeus alianza hivyo akiwa na miaka tisa. Basi hakufikiri mara mbili, akaketi.

"Usiguse, Thad!" Ozella alisema. "Maiti hatoi cha bure."

"Woga wako tu. Mzee alinipenda."

Akaweka vidole vya kushoto juu ya vibonye, akavifuata. Mwezi haukuisha, bendi kubwa ikamchukua. Vigogo wa piano waliopanda kushindana naye walishuka jukwaani wakivaa makoti yao. Lakini nyumbani kulinuka kafuri. Mkono ule wa kushoto ulikuwa baridi, ukitwanga besi juu ya meza ya chakula mwenyewe akiwa anazungumza mengine, ukitwanga kanisani juu ya goti, na Ozella alipoushika ukajichomoa, na alipolala karibu naye akasikia kikohozi cha mzee kikipanda kutoka kwenye kiwiko, polepole, kikija begani, kikielekea kooni kwa mumewe.

Siku Thaddeus alipopiga wimbo aliomtungia harusini, Ozella alilia. Mkono wa kulia ulikuwa wa mumewe. Wa kushoto ulikuwa wa mgeni.

Mchana mmoja, Thaddeus amelala, Ozella alimleta Mama Viney, mganga aliyetoka visiwa vya pwani ya Karolina. Mama Viney alinusa mlangoni, akamwaga chumvi na unga wa matofali mekundu.

"Kumtoa naweza," alinong'ona. "Ila atatoka na alichopewa, ujuzi wote wa mkono ule. Muulize mumeo kwanza, mwanangu."

Ozella alitazama mlango wa chumbani. Alimpenda mno mtu yule.

"Mtoe."

Vibonye vyote vya kushoto vilizama kwa pamoja, vikapanda. Kikohozi kikateremka ngazi hadi barabarani.

Thaddeus aliamka akitabasamu. Mkono wake ulikuwa na joto, na Ozella aliubusu kila kidole. Kisha Thaddeus akaketi kwenye piano. Mkono wa kulia ukaimba vizuri kama zamani. Wa kushoto ukalala juu ya vibonye, vidole vimetulia, havijui chochote. Alijaribu tena. Alijaribu hadi jasho likamlowesha shati.

"Ozella. Nani alikuja hapa?"

Ozella akamweleza yote, hakuficha hata neno la mganga.

"Ungeniuliza," Thaddeus alisema.

"Ungekataa."

Thaddeus aliuinua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka mapajani.

"Ndiyo," alisema. "Ningekataa."