Pampu ya Chumba cha Gundi

Aliyenisimulia ni mwenzangu wa chumba, mpimaji hewa, na si mtu wa porojo. Alitumwa kwenye kiwanda cha viatu, chumba cha chini kisicho na dirisha, ambako wanawake wanaobandika soli walikuwa wakizimia. Vipimo vikiwa vibaya, chumba kingefungwa. Vikiwa safi, wangerudi Jumatatu.

Meneja, bila haya, alichagua Jumapili! Gundi imefunikwa, feni zinavuma tangu juzi, viti vitupu.

“Pima, dada, pima mpaka uchoke,” alisema akicheka. “Wale wanadeka tu.”

Mwenzangu alijua ni danganya toto, akakubali kupima hivyo hivyo. Hilo sijamsamehe. Alitundika pampu yake ya betri, inayovuta hewa kwa mpira mwembamba, usawa wa pua ya mtu aliyeketi.

Saa sita mchana umeme ukakatika. Feni zikanyamaza, giza likawa totoro, ikabaki pampu ikinguruma. Kisha mngurumo ukaanza kukatika: inavuta, inatua, inavuta, inatua.

Akadhani mpira unavuja. Akaupapasa, akaziba tundu la mpira huo kwa kidole gumba, kama walivyofundishwa. Pampu isiyo na hitilafu ikizibwa hulalamika, kisha hujizima. Ikajizima.

Lakini mpira ukampulizia kidoleni pumzi ya moto, yenye unyevu. Kisha ukavuta, ukihangaika kutafuta upenyo. Kwa woga, badala ya kuachia, akakandamiza zaidi. Ukavuta tena, kwa nguvu. Ukavuta mara ya tatu, taratibu.

Pumzi ya nne iliishia katikati.